Asili ya Vitu: Bendera, Karanga za Kongwa, Tembe na Rupia za Kondoa

Safu hii inajibu maswali ya wasomaji kuhusu chimbuko la vitu, alama za taifa na mahali. Maswali ya toleo hili yote yametoka Kanda ya Kati.

Ndugu mhariri, mimi ni fundi cherehani soko la Majengo, Dodoma. Shule imeniagiza bendera tatu za taifa, nami nimezoea sare na mashuka. Bendera yetu ilipatikanaje, na niikateje isije ikakaa vibaya? – Fundi, Majengo

Fundi, ukijua ilikotoka hutakosea vipande. Tanganyika iliingia kwenye uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ikiwa na bendera ya milia ya kulala: kijani juu, kijani chini, na katikati mlia mweusi uliobanwa na michirizi miwili ya njano. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, nayo ilipeperusha milia ya kulala: bluu, nyeusi, kijani. Nchi zikaungana tarehe 26 Aprili 1964, na tarehe 30 Juni mwaka huo ikapitishwa bendera moja. Nyeusi na kijani zilikuwa za pande zote mbili tayari. Njano ilitoka bara, bluu ikatoka visiwani. Kilichobadilika ni mkao: mlia mweusi ukaachishwa kulala, ukakatiza mshazari kutoka pembe hadi pembe. Kijani ni ardhi na uoto wake, njano ni madini, nyeusi ni wananchi, bluu ni bahari, maziwa na mito.

Vipimo vyake ni 2 kwa 3. Tuseme shule inataka ya sentimita 120 kwa 180. Kabla hujagusa kitambaa, unganisha karatasi za kaki upate mstatili wa ukubwa huo, kisha pima ulalo wake. Ukisoma sentimita 216 na nukta kidogo, na ulalo wa pili ukiwa sawa na wa kwanza, pembe zako zimenyooka. Zikitofautiana hata sentimita moja, rekebisha hapo hapo kwenye karatasi, kwa sababu kosa hilo likishaingia kwenye kitambaa halitoki.

Chora ulalo kutoka pembe ya chini upande wa mlingoti kwenda pembe ya juu upande wa nje. Huo ndio mstari wa katikati ya mlia mweusi. Upana wa mweusi na wa michirizi ya njano usiukisie. Pima kwenye bendera iliyotolewa na serikali, gawanya kwa urefu wa bendera hiyo, kisha zidisha kwa urefu wa ya kwako. Zinazobaki ni pembetatu mbili, ya kijani juu upande wa mlingoti na ya bluu chini upande wa nje. Ona kwamba kila moja ni ndogo kuliko nusu ya mstatili. Mafundi wengi hukata nusu mbili kamili, wakaziunganisha, halafu wakabandika mlia mweusi juu yake. Inaonekana sawa mezani, lakini katikati inakuwa na matabaka matatu ya kitambaa, na upepo mdogo hauinyanyui.

Sasa jambo ambalo fundi wa sare halimtokei sana. Pembetatu ukizikata vizuri, pande zake mbili fupi zinafuata uzi wa kitambaa, lakini ule upande mrefu unakwenda mshazari, na kitambaa kilichokatwa mshazari kinavutika. Ukikivuta kidogo tu kwenye cherehani, bendera itakaa na mawimbi yasiyonyooshwa na pasi. Kwa hiyo, mara tu ukishakata, pitisha mshono mmoja mwepesi milimita tano kutoka ukingo wa upande huo mrefu ili kuufunga. Mlia mweusi na michirizi ya njano ikate kwa urefu wa uzi, isivutike. Halafu bana kwa pini ukianzia katikati kwenda pembeni, usianzie pembe moja. Acha sentimita moja na nusu kila upande kwa ajili ya mshono, kunja ukingo mmoja juu ya mwingine na ushone mara mbili, maana bendera inaonekana pande zote na nyuzi zinazoning'inia ndizo zinazoanza kuchanika. Pindo la upande wa nje, ule unaopigwapigwa na upepo, likunje mara tatu na ulipitishie mishono minne. Hapo ndipo bendera zote huanza kufa.

Kosa kubwa zaidi linatokea mlingotini. Bendera yetu ikigeuzwa juu chini, mlia mweusi nao unageuka, unaanzia juu mlingotini na kushuka hadi chini nje. Bluu inakwenda juu na kijani kinashuka. Jicho linaona rangi zote zipo na mshazari upo, mtu anaridhika, na bendera inapepea kichwa chini siku nzima. Wasaidie walimu: kwenye pindo la kamba, mwisho wa upande wa kijani, shona herufi JUU kwa uzi mweupe. Waambie pia kwamba nusu mlingoti haipandishwi moja kwa moja hadi nusu. Inapandishwa kwanza hadi kileleni, kisha inashushwa. Jioni nayo inarudishwa kileleni kwanza ndipo iteremshwe.

Dodoma ilikuwa makao makuu mwaka gani hasa? Nyumbani tumebishana, kila mtu ana mwaka wake. – Msomaji, Chang'ombe

Huenda kila mmoja wenu ana mwaka wa kweli. TANU iliamua mwaka 1973, na mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Ramani kuu ya mji ilikamilika mwaka 1976. Serikali ilianza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, CDA ikavunjwa Mei 2017, Dodoma ikapewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018, na mwaka huo huo wa 2018 Bunge likatunga sheria ya kuitangaza kuwa makao makuu ya nchi. Uamuzi ni wa 1973. Sheria ni ya 2018. Mkiulizana tena, ulizaneni kwanza ni lipi kati ya hayo mawili mnalolisema.

Babu anasema Waingereza walilima karanga Kongwa kwa vifaru vya vita wakashindwa. Mwalimu wetu anasema walishindwa kwa sababu ya mvua. Nani yuko sahihi? – Mwanafunzi, Kibaigwa

Mwanetu, babu na mwalimu wote wana sehemu ya ukweli. Sehemu iliyobaki iko kwenye udongo, na ndiyo kubwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkali wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 kampuni ya United Africa Company ikapendekeza karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine. Serikali ya London ikatuma ujumbe chini ya John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Wakazunguka kwa majuma machache, sehemu kubwa wakitazama kutoka kwenye ndege, wakarudi na mpango wa ekari 3,210,000. Kongwa ilichaguliwa kuanzia, kwa sababu ilikuwa karibu na Reli ya Kati na watu wake walikuwa wachache. Swali la kwa nini watu walikuwa wachache pale halikupewa uzito. Wagogo walikuwa wanalijua jibu: maji na mvua.

Kuhusu vifaru, babu hakosei. Trekta zilikuwa adimu, na nyingi zilizopatikana zilikuwa kuukuu za jeshi zilizochakaa. Ndipo kiwanda cha Vickers kikachukua vifaru aina ya Sherman vilivyobaki vitani kikavigeuza kuwa trekta, zikapewa jina la Shervick. Tatizo la kwanza walilokutana nalo lilikuwa kichaka. Kichaka cha Kongwa si miti mirefu ya kuangushwa mmoja mmoja. Ni matawi yaliyofumana, yanapinda katapila likipita, kisha yanasimama tena. Baadaye walifunga mnyororo mzito wa nanga ya meli kati ya katapila mbili zinazokwenda sambamba, mnyororo ukazoa kichaka kwa pamoja. Hilo lilifaa kwa matawi, ila mizizi ilibaki chini, na kuing'oa kulikula vyuma kuliko kazi nyingine yoyote.

Hapo tunafika kwenye udongo. Udongo mwekundu wa Kongwa ni mfinyanzi uliochanganyika na mchanga mkali. Ukilowa unalimika vizuri. Jua likiushika, unakaza kama sakafu ya saruji, na chembe za mchanga ndani yake zinasaga chuma cha plau hadi makali yanakwisha. Sasa fikiria karanga yenyewe inavyozaa. Ua linachanua juu ya ardhi, likishachavushwa linatoa kijiti kinachoinama na kujichomeka ardhini, na punje inakomaa huko chini. Zao hili linahitaji udongo laini mara mbili: kijiti kinapoingia, na mkulima anapong'oa. Kongwa, mvua ikikatika katikati ya msimu, kijiti hakiingii. Ikikatika karibu na mavuno, shina linakatika mkononi na karanga zinabaki ardhini. Mwalimu anaposema mvua, basi, yuko sahihi, lakini mvua ile ile kwenye udongo wa kichanga isingeleta hasara kubwa namna ile.

Lengo la mwaka 1947 lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Mwaka 1948 kazi ilihamishiwa shirika la serikali, Overseas Food Corporation. Wakajaribu na alizeti, ukame ukaikamata. Januari 1951 mpango ukatangazwa kuwa umekwisha, ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36.

Kilichobaki kina historia yake ya heshima. Sehemu ya ardhi iliyosafishwa ikawa ranchi ya ng'ombe, na hiyo ndiyo iliyofaa zaidi kwa nchi ile. Na kuanzia mwaka 1964 Kongwa ikawapokea wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO, ZAPU na MPLA, waliokuwa na kambi zao pale. Mtu akiitaja Kongwa kama mahali pa kushindwa tu, amesoma nusu ya kitabu.

Kwa vile unaishi Kibaigwa, huenda kwenu mnalima karanga. Kama shamba lina udongo mwekundu mzito, pandeni juu ya matuta, mvua za kwanza za kueleweka zikishanyesha. Palilieni mapema na mpandishie udongo kabla maua hayajachanua. Vijiti vikishaanza kuingia ardhini, msipitishe jembe tena karibu na shina. Magugu yang'oeni kwa mkono. Na mng'oe karanga udongo ukiwa bado na unyevu, hata kama ni siku chache kabla ya muda mliouzoea. Kabla ya kung'oa shamba zima, ng'oeni mashina machache pembe mbalimbali mpasue maganda: ganda likionyesha weusi kwa ndani, karanga imekomaa.

Kikundi chetu cha utamaduni kinataka kujenga tembe la Kigogo karibu na shule, watoto walione. Wazee waliojua kujenga wamebaki wachache. Mtupe asili yake na namna ya kulijenga lisianguke. – Mwenyekiti wa kikundi, Mvumi

Mwenyekiti, tunafurahi mno kusikia hivyo. Anzeni wakati wazee hao bado wapo, na kila hatua tunayoitaja hapa wapeni waisahihishe kwa mujibu wa eneo lenu.

Tembe ni nyumba ya paa bapa la udongo, ndefu na nyembamba, inayozunguka ua ambamo ng'ombe hulala. Wasafiri wa karne ya 19 waliopita Ugogo kwenye njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Tabora walizikuta kila mahali, na Wanyamwezi na Wahehe nao walizijenga. Umbo lake linaeleweka ukitazama nchi. Dodoma hupata mvua ya milimita 500 na kitu hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo paa bapa linatosha. Nyasi ndefu za kuezekea ni haba. Udongo haushiki moto, jambo kubwa enzi za uvamizi, na nyumba zikiunganika pande zote nne zinakuwa boma lenyewe: mlango mmoja ukifungwa, watu, mifugo na nafaka vyote viko ndani.

Jambo msilopaswa kulikosea ni uzito. Udongo wenye unene wa sentimita 10 kwenye mita mraba moja ya paa una kilo 160 hivi ukiwa mkavu, na ukilowa unaongezeka. Chumba cha mita 3 kwa 4 kimebeba karibu tani mbili juu ya vichwa vya watoto. Nguzo zichaguliwe kwa kuzingatia hilo.

Chagueni mahali palipoinuka kidogo, maji yasisimame. Tumieni nguzo zenye panda juu, za mti mgumu. Mpingo ukipatikana kwa kibali ndio bora, mchwa hauuwezi. Ncha ya chini ichomeni kwa moto hadi iwe nyeusi, chimbeni shimo la sentimita 60 na mwageni majivu ndani kabla ya kuisimika. Safu ziwe tatu: mbele, katikati, nyuma, na nguzo zisiachane zaidi ya mita moja na nusu. Safu ya nyuma iwe fupi kwa sentimita 10 hadi 15 ili maji ya mvua yapate pa kuelekea. Boriti nzito zilale kwenye panda. Juu yake pangeni fito nene kila sentimita 25, kisha fito nyembamba zilizobanana, kisha majani au nyasi za kuzuia udongo usichuje.

Udongo wenyewe unakwenda kwa matabaka. Tabaka la kwanza ni tope zito, sentimita tano, lililokandwa vizuri. La kichuguu ndilo linaloshika kuliko yote. Liacheni likauke polepole, mkilifunika kwa nyasi mchana, na nyufa zitakazotokea mzizibe kwa tope lililochanganywa na samadi ya ng'ombe. Ndipo mweke udongo mkavu juu na kuushindilia. Jumla isizidi sentimita 12. Ukingo wa paa utokeze nje ya ukuta kwa sentimita 40 au zaidi. Bila hivyo, mvua ya kwanza yenye upepo italamba ukuta wa fito na tope kutoka chini, na mtadhani ukuta ulikuwa dhaifu.

Matembe mengi hayakuanguka kwa sababu ya ujenzi mbaya. Yaliangushwa na matengenezo. Paa likivuja, mwenye nyumba anapanda na kumwaga karai mbili za udongo penye tundu. Mwaka unaofuata tena. Baada ya miaka kadhaa unene umefika mara mbili na boriti zimepinda. Kanuni ni hii: kabla ya kuongeza, kwangueni udongo wa zamani hadi mlifikie tope la chini, zibeni ufa pale, ndipo mrudishe. Mkaguzi wenu awe anatazama mambo mawili kila Novemba, kabla ya mvua. Kwanza, njia za mchwa kwenye nguzo; gongeni nguzo kwa nyundo, ikitoa sauti tupu badilisheni. Pili, boriti: fungeni uzi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na ikiwa boriti imeshuka chini ya uzi kwa zaidi ya upana wa vidole viwili, tegemezeni nguzo nyingine katikati kabla mtu hajaingia.

Kuhusu kupotea kwake: Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 iliwakusanya watu kwenye vijiji vya ujamaa, katika viwanja vya kupangwa ambavyo havikuwa na nafasi ya tembe kubwa na ng'ombe wake. Baadaye miti migumu ikapungua na bati likaja. Bati ni jepesi, tunakubali. Lakini kaeni ndani ya nyumba ya bati saa nane mchana mwezi Oktoba, kisha mkae ndani ya tembe, mtawaelewa wazee.

Mwenge uliowashwa Kilimanjaro mwaka 1961 ndio huo huo unaokimbizwa hadi leo, au unazimwa? – Msomaji, Manyoni

Unazimwa. Moto wa kwanza uliwekwa kwenye kilele cha Kilimanjaro usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 na Luteni Alexander Nyirenda, pamoja na bendera mpya, kutimiza maneno ambayo Mwalimu Nyerere aliyasema kwenye Baraza la Kutunga Sheria Oktoba 1959: mwenge umulike nje ya mipaka yetu, ulete tumaini palipo na kukata tamaa, upendo palipo na chuki, heshima palipojaa dharau. Kilele kilichoitwa kwa jina la Kaiser Wilhelm kikawa Uhuru. Mbio za Mwenge ni jambo jingine, zilianza baadaye. Kila mwaka Mwenge unawashwa upya katika mkoa mmoja na kufikia kilele katika mwingine, siku hizi kwa kawaida tarehe 14 Oktoba.

Zabibu si za asili hapa. Zilifikaje Dodoma, na kwa nini kwetu zinavunwa mara mbili? – Mkulima, Hombolo

Zililetwa na wamisionari Wakatoliki, kwenye misheni ya Bihawana, katika miaka ya 1950. Mizabibu ya Ulaya hulala yenyewe wakati wa baridi kali. Hapa hakuna baridi hiyo, kwa hiyo ni mkulima anayeulaza: anapunguza maji, kisha anaupogoa, na mzabibu unachipua upya. Kutoka kupogoa hadi kuvuna ni takriban miezi minne, ndiyo maana mwaka unaingiza misimu miwili, mmoja ukivunwa Februari na Machi, mwingine Agosti na Septemba. Ule wa Agosti una sukari nyingi na magonjwa machache, kwa kuwa matunda hukomaa bila mvua. Ule wa Machi ukungu huushambulia, hasa pale majani yalipoachwa yakafunika vichala. Punguzeni majani kuzunguka vichala hewa ipite, kabla hamjakimbilia dawa.

Huku kwetu vijana wanachimba chini ya miamba yenye michoro wakisema Wajerumani waliacha alama za kuonyesha walikozika rupia za dhahabu. Kuna ukweli? – Mwalimu mstaafu, Kondoa

Mwalimu, rupia za dhahabu zilikuwepo. Alama za kuzionyesha kwenye miamba hazipo.

Rupia ya kawaida ya Mjerumani ilikuwa ya fedha, si ya dhahabu. Ile ya dhahabu, ya rupia 15, ilitengenezwa Tabora mwaka 1916, wakati meli za Waingereza zilikuwa zimefunga pwani na hakuna sarafu iliyoweza kuletwa kutoka Ulaya. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba, na mitambo ilikuwa ya karakana ya reli. Upande mmoja ina tai wa Kijerumani, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga. Zilipigwa takriban 16,000 tu, kila moja gramu 7 na kidogo, robo tatu ikiwa dhahabu. Piga hesabu na vijana hao darasani: sarafu zote za nchi nzima zikikusanywa hazifikishi kilo 90 za dhahabu safi. Wajerumani waliondolewa Kondoa Aprili 1916 na Tabora Septemba mwaka huo.

Michoro yenyewe haina uhusiano na Mjerumani hata kidogo. Ile myekundu, yenye watu wembamba na wanyama kama twiga, pofu na tembo, ilichorwa kwa udongo mwekundu wenye chuma na wawindaji walioishi hapa miaka maelfu iliyopita. Ile myeupe, minene, ni ya baadaye, ya wakulima. Watafiti wa mambo ya kale Louis na Mary Leakey waliikagua mwaka 1951, Mary akainakili kwa mkono, na mwaka 2006 UNESCO ikaiingiza Kondoa katika Urithi wa Dunia. Warangi wana matambiko yao pale Mungumi wa Kolo, mmoja wa miamba hiyo yenye michoro, hadi leo.

Hasara ya kuchimba ni hii. Chini ya kila mwamba wenye michoro kuna matabaka ya udongo, majivu, mifupa na vipande vya mawe vilivyochongwa, yaliyolala kwa mpangilio. Umri wa michoro unakadiriwa kwa kutumia matabaka hayo, kwa mfano kwa kipande cha rangi kilichodondoka na kufukiwa. Sururu ikishapita mara moja, mpangilio umevurugika na hakuna mtaalamu wa kuurudisha. Mashimo pia yanatoa vumbi linaloganda kwenye picha. Wageni nao wana kosa lao: wanamwagia mwamba maji ili rangi ing'ae kwenye kamera. Maji yakikauka yanaacha chumvi, chumvi inabandua uso wa jiwe, na picha inaondoka nayo. Moshi wa moto wa mchungaji aliyejikinga mvua unafanya vilevile, taratibu zaidi.

Waambie vijana kwamba kufukua mahali hapo ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Shimo likionekana, lisifukiwe na wanakijiji kwa nia njema, kwa sababu udongo uliotolewa bado unaweza kuchekechwa. Pigeni picha, zuieni watu wasipite, na pelekeni taarifa ofisi ya Mambo ya Kale iliyopo Kolo, kwenye barabara ya Kondoa kwenda Babati. Hapo hapo ndipo wanafunzi wako wanapopata mwongozaji wa kuwapandisha hadi kwenye michoro, na wavae viatu vyenye soli nzuri, kwa maana njia ya juu ni ya mawe.